Jinsi ya kuamka na kilo 60 kila asubuhi ya mashindano na bado ukapigana

Ukifika kwenye mchujo wa timu ya taifa ya ndondi pale Lugogo, Kampala, kabla hujaulizwa unatoka klabu gani unaulizwa kilo ngapi. Na hapo ndo vijana wengi wanaanza kudanganya, anataja kilo anazozitaka sio kilo alizonazo, halafu zikibaki siku tatu unamuona anapanda kilima cha Naguru saa saba mchana, kavaa koti la mvua na sweta mbili ndani, anatema mate kwenye chupa. Anapima, anapita, jioni anaingia ulingoni miguu hamna, raundi ya pili anakula ngumi ambazo anaziona kabisa zinakuja. Sasa hii naandika kwa ajili ya hao. Nitashika kilo 60 kama mfano kwa sababu kwenye jimu zetu naona ndo kilo inayogombaniwa sana, na Uganda tumeshavuna dhahabu hapo, ila hesabu ukizielewa utazitumia hata kama wewe ni wa 55 ama wa 70.

Kwanza elewa kwamba ndondi za ridhaa sio kama hizi za kulipwa unazotazama kwenye simu. Wale wa kulipwa wanapima mara moja, mara nyingi siku moja kabla ya pambano, wana usiku mzima wa kula na kunywa, ndo maana mtu anapima 61 na kesho yake anapanda ulingoni ana kilo kadhaa zaidi. Wewe kwenye Olimpiki ama Michezo ya Jumuiya ya Madola unapimwa ile mara ya kwanza ya jumla pamoja na daktari kabla mashindano hayajaanza, halafu unapimwa tena asubuhi ya KILA siku unayopigana. Mtu anayekwenda mpaka fainali anaweza kupigana mara nne ama tano ndani ya siku kama kumi hivi, na kila mara mizani inamsubiri asubuhi. Kati ya mizani na kengele unaweza kuwa na saa chache tu, sheria za miaka mingi zimetaka angalau saa tatu. Saa tatu hazikurudishii lita tatu za maji ulizozimwaga kwenye koti la mvua, hata ukinywa mpaka tumbo liwe ngoma.

Kufika 60 mara moja hata mgonjwa wa tumbo anafika. Kazi ni kuamka na 60 Jumatatu, ukaamka nayo Jumatano, ukaamka nayo Ijumaa, na kila mara ukapiga raundi tatu za dakika tatu tatu na mtu ambaye naye amelala vizuri.

Kama unaona natisha watu, mwangalie Vinesh Phogat wa India. Yeye ni mieleka sio ndondi lakini mizani ni ile ile ya asubuhi. Paris, Agosti 2024, kilo 50, siku ya kwanza alipima akapita, akamtoa Yui Susaki wa Japani ambaye alikuwa bingwa wa Olimpiki, akaingia fainali. Usiku kucha akahangaika kushusha, mpaka nywele zikakatwa, asubuhi ya fainali mizani ikamkuta na gramu 100 za ziada. Gramu 100! Akaondolewa, fainali hakucheza, na medali hakupata hata ile ya fedha.

Orodha ya kilo ni ya nani?

Hapa watu wanachanganyikiwa sana siku hizi kwa sababu kuna mashirika mawili. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilimalizana na IBA, lile shirika la zamani la ndondi za dunia, mwaka 2023, na mwaka 2025 ikaitambua World Boxing, hao wapya. Kila mmoja na orodha yake. IBA kwa wanaume wana 48, 51, 54, 57, 60, 63.5, 67, 71, 75, 80, 86, 92 na juu ya 92. World Boxing wamekata kwa tano tano, 50, 55, 60, 65, 70, 75, 80, 85, 90 na juu ya 90. Ukiziweka pamoja utaona 60 ipo kote (na 75 na 80), kwa hiyo wewe wa 60 una bahati, hutapanga upya maisha kila ukibadilisha mashindano. Ila mwenzio aliyekuwa 63.5 sasa yuko njia panda, ama ashuke 60 ama apande 65, na wengi watataka kushuka, ndo maana nasema 60 itakuwa na msongamano.

Kwa Olimpiki ya Los Angeles 2028 orodha inakatwa tena, wanaume wanabaki na 55, 60, 65, 70, 80, 90 na juu ya 90. Wanawake ni 51, 54, 57, 60, 65, 70 na 75. Kwa hiyo kabla hujaanza kujinyima chakula, muulize kocha mashindano ni ya nani na orodha ni ipi, usije ukashuka mpaka kilo ambayo haipo.

Mizani yako iwe ya kweli

Wale jamaa wanaokaa barabarani na mizani ya miguu, unalipa shilingi kidogo unapanda, wasaidie biashara lakini usipangie timu ya taifa na hizo mizani. Jua linazipiga, vumbi linaingia, mmoja atakuambia 59 na mwenzake hatua ishirini mbele atakuambia 62. Klabu ichange inunue moja ya umeme inayoonyesha gramu, iwekwe kwenye sakafu ya simenti, sio kwenye kapeti wala kwenye ubao. Kuikagua, nenda nayo kwenye duka la jumla, omba kuweka juu yake gunia la sukari la kilo 50 ambalo halijafunguliwa, ikikuonyesha 51 na nusu basi unajua inakuongezea kiasi gani.

Halafu unapima kila asubuhi, ukishatoka chooni, kabla ya chai, na nguo ya ndani tu. Andika kwenye daftari. Na usiku kabla ya kulala unapima tena, andika pembeni ya ile ya asubuhi. Hii ya usiku wengi wanaidharau na ndo yenye dawa yote. Usiku ukilala mwili unapunguza wenyewe, pumzi zinatoka na unyevu, jasho kidogo, mkojo, watu wengi wanapoteza nusu kilo mpaka kilo moja bila kufanya chochote. Wewe ujue yako ni ngapi. Chukua kijana ambaye daftari lake linasema usiku 61.1 asubuhi 60.4, usiku 60.9 asubuhi 60.1, usiku 61.3 asubuhi 60.6. Huyo anapunguza gramu 700 ama 800 kila usiku. Basi usiku wa kuamkia mizani akilala na 60.6 analala usingizi wake, hana haja ya kuruka kamba saa tano usiku kwenye korido ya hoteli. Asiyejua namba yake ndo anayehangaika.

Ila ukisafiri namba inabadilika, nitarudi hapo.

Uchague 60 ama 65

Mimi kipimo changu ni hiki, uzito wako wa asubuhi ukiwa kwenye mazoezi kamili, umekunywa maji vizuri, mkojo wako ni rangi ya maji ya limau, usizidi 60 kwa zaidi ya asilimia tatu. Asilimia tatu ya 60 ni kilo 1.8. Kwa hiyo 61.8 ndo mwisho wa wewe kujiita mtu wa 60. Ukiwa 64 na tumbo limekaza na mishipa inaonekana, kijana wangu, wewe ni 65, kubali, kula, fanya mazoezi ya nguvu. Ukiwa 64 na kuna kitambi cha soda na chapati, hapo kuna cha kuondoa, tunaweza kuongea.

Walioko 62 na nusu ndo wenye shida, wako katikati kabisa ya pengo. Hapo angalia urefu wa mikono na muda uliobaki. Ana wiki nane, ana mikono mirefu, aende 60 taratibu. Ana wiki mbili, aende 65 akapigane akiwa na nguvu, hata kama wenzake wa huko wanamzidi kidogo. Na wale wa miaka 17 na 18, hao mimi sitaki hata wasikie habari ya kushusha, bado wanarefuka, wapigane na kilo walizoamka nazo.

Sasa chakula

Wiki nane, nusu kilo kwa wiki isizidi. Ukienda haraka kuliko hapo unayeyusha nyama sio mafuta, na kwenye sparingi utaona ngumi zimekuwa nyepesi.

Watu wanaanza kwa kukata kila kitu, asubuhi chai kavu, mchana hamna, usiku anavamia. Acha. Tatizo letu Kampala halipo kwenye kula sana, lipo kwenye mafuta na sukari ambazo huzihesabu. Chukua kikomando, chapati mbili zimekatwa na maharage juu. Maharage hayana kosa, chapati ndo imekunywa mafuta mpaka karatasi inang'aa. Rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, hivyo hivyo, mayai mawili ni chakula cha bondia kabisa, yamevikwa tu nguo ya mafuta. Kula mayai ya kuchemsha, maharage kula na posho (ugali) ama viazi, umebaki na shibe ile ile na mzigo umepungua. Soda ya nusu lita ina sukari gramu 50 hivi, ukiacha moja kwa siku wiki nane utaona mwenyewe kwenye daftari. Na chai ya maziwa ya vijiko vinne, banange, vijiko vinne!

Kwenye kempu huchagui, ni posho na maharage kutoka kwenye sufuria kubwa. Sawa tu. Posho chukua nusu ya uliyozoea, maharage ongeza, omba mboga za majani, dodo ama nakati, kama zipo. Ukiwa na hela kidogo nunua mukene, wale dagaa wetu, ni bei ya chini na ina proteni nyingi, ikaange bila mafuta kwenye sufuria kavu kisha uitie nyanya. Mchuzi wa karanga ni mzuri lakini una mafuta, vijiko viwili sio bakuli. Matoke na viazi vitamu vile siku za mazoezi mazito, usivikimbie, raundi ya tatu inapiganwa na wanga.

Ramadhani kwa wenzetu Waislamu, na mabondia Waislamu tunao wengi: usiitumie kama njia ya kushusha. Daku iwe ya kweli, mayai, uji, maji, na mazoezi mazito yahamie baada ya futari. Mtu anayefunga na kuvaa koti la mvua mchana anatafuta hospitali.

Wiki ya mwisho

Kama daftari linasema 61.2 umebakiza kilo moja na kitu, na hiyo inatoka bila vita. Siku tatu za mwisho punguza vyakula vinavyokaa tumboni muda mrefu, maharage, mboga za majani, mahindi, weka wali, mayai, samaki, mkate mweupe. Ni siku za mwisho tu, lakini utumbo ukiwa mwepesi unaweza kukupa nusu kilo bure. Chumvi punguza, kwa sababu chumvi inashika maji. Maji endelea kunywa mpaka siku moja kabla, jioni ndo unapunguza unakunywa kwa mafunda. Halafu ile namba yako ya usiku inamalizia kazi.

Ambacho hutafanya: vidonge vya kukojoza. Najua vinauzwa duka la dawa na mtu atakuambia ni vya presha havina shida. Viko kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, ndani ya mashindano na nje ya mashindano, na mkojo wako unaweza kupimwa. Utarudi nyumbani na kifungo kwa sababu ya kilo moja. Vivyo hivyo dripu baada ya kupima, zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 ni marufuku, isipokuwa ni matibabu halali kama ya kulazwa hospitali, usije ukamuita nesi chumbani.

Na koti la mvua na kujifungia bafuni na maji ya moto, jamani, mwaka 1997 Marekani vijana watatu wa mieleka ya vyuo walikufa ndani ya kama mwezi mmoja, wote walikuwa wanakata kilo kwa joto na bila maji. Kwa bondia ni mbaya zaidi kwa sababu mwili uliokauka, ubongo pia unakaa kwenye maji pungufu, na wanaume wa ridhaa wakubwa walivuliwa ile kofia ya kujikinga tangu 2013. Ukisimama ukaona giza, moyo unakimbia ukiwa umekaa tu, mkojo rangi ya chai, ama umeacha kutoka jasho wakati bado una joto, simama hapo hapo, kunywa, muite daktari wa timu. Mashindano yatakuja mengine.

Ukishapanda ndege Entebbe

Hapa ndo namba inabadilika. Kukaa saa nyingi kunavimbisha miguu, chakula cha ndege kina chumvi, na tumbo linagoma siku mbili. Unashuka na kilo moja zaidi na hujala kitu cha maana. Usipanik. Kunywa maji, tembea, kimbia kidogo, siku ya pili inashuka. Kama huko ni baridi basi usiku hutapoteza gramu 700 zako za Kampala, labda 400, kwa hiyo anza kupima usiku na asubuhi tangu siku ya kwanza upate namba mpya. Beba mizani yenu kwenye begi, na mkifika mkailinganishe na ile ya majaribio ambayo waandaaji wanawawekea mabondia, kwa sababu inayokuhukumu ni ya kwao.

Adui mkubwa kule hata sio baridi. Ni meza ya kijiji cha wanamichezo. Kijana ametoka kempu ya posho, anakuta nyama aina nne, keki, juisi, aiskrimu, bure, saa yoyote, na hakuna anayemhesabia. Nenda na kocha, chukua sahani moja, ondoka. Siku ya mapumziko kati ya mapambano ndo watu wanapoharibu, wanasema leo sipimi.

Asubuhi yenyewe

Vitambulisho, pasipoti na kitabu chako cha bondia viwe mfukoni tangu usiku. Panda ya majaribio kwanza. Umezidi gramu 150, nenda chooni, vua nguo ya ndani kama itabidi, wanaruhusu na wanaweka pazia. Kina dada, rasta na nywele za kuongeza zina uzito, zikilowa ndo kabisa, suka nywele fupi zako mwenyewe kabla ya safari. Na kabla ya siku zako mwili unashika maji, kwa wengine kilo nzima, kwa hiyo weka kalenda kwenye lile daftari na mwambie kocha bila aibu, ajue kwamba namba imepanda kwa sababu hiyo na hujaiba chakula.

Usihesabu kwamba utapewa nafasi ya pili kwenye mizani rasmi, jipange kama ni mara moja tu.

Ukishapita, maji ya ORS kwanza, yale ya pakiti ya chumvi na sukari, nusu lita kwa mafunda, sio kwa pupa. Kama hamna pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Baada ya nusu saa uji ama wali na yai, ndizi mbivu, asali. Hakuna maharage, hakuna nyama ya kukaanga. Endelea na mafunda mpaka saa moja kabla ya kengele. Ukishinda, kula vizuri usiku ule, lakini upande mizani kabla ya kulala, uone umekaa wapi, maana kesho kutwa asubuhi inakuita tena.

Na 60 ikigoma

Kuna siku itagoma, na hiyo sio aibu. Ayub Kalule alichukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch mwanzoni mwa 1974 kwenye kilo 60 hizi hizi, na mwaka huo huo Agosti akaenda Havana, mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya ridhaa, akapigana 63.5 akawa bingwa wa dunia. Muhamad Muruli dhahabu ya 1970 Edinburgh aliipata kwenye 63.5, miaka minne baadaye akachukua nyingine kwenye 67. Godfrey Nyakana naye alitoa dhahabu kwenye 60 kule Auckland mwaka 1990. Hao wawili wa kwanza waliongeza kilo na dhahabu ikawafuata.

Kwa hiyo ukimaliza mashindano usitupe daftari. Endelea kupima mwezi mzima ukiwa unakula kawaida na unafanya mazoezi. Kama asubuhi zako zinakaa 63 kwenda juu na huna kitambi, mpelekee kocha daftari, mwambie mzee mimi nimeshakuwa 65. Mwambie mapema, kwa sababu fomu za mashindano ya nje zinatumwa na jina na kilo wiki nyingi kabla, na kuibadilisha baada ya hapo ni kazi kubwa sana.